Kabla Bosi Hajasimama

Jambo la kwanza ambalo kila mtu huliona kwa Feni ni kwamba akiingia chumbani hasalimii mpaka ajue upepo unatoka wapi. Husimama mlangoni, akainua pua kidogo kama mtu aliyesikia harufu ya chakula kinachoungua, na macho yake yakazunguka dirishani, mlangoni, darini. Pangaboi likiwa linazunguka, hulizima. Dirisha likiwa wazi, hulirudishia. Baada ya hapo ndipo uso wake hufunguka, mkono ukanyooshwa, na salamu zikamiminika za kutosha nyumba nzima: hamjambo, watoto hawajambo, za tangu siku ile?

Jina la Feni hakupewa na wazazi wake. Alilipata ukubwani, kwenye harusi ya shemeji yake, alipoingia ukumbini na kuizima feni kubwa iliyokuwa ikiwapuliza maharusi. Hakuna aliyemwona wakati huo. Bwana harusi alitoka jasho mpaka kola ikalegea, na picha zote za siku ile zinamwonyesha aking'aa kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Feni alipogundulika na kuulizwa kulikoni, alijibu kwa upole wa mtu aliyeamshwa usingizini, "Samahani jamani. Nilidhani niko kazini."

Kazini kwake upepo ni adui. Feni ni fundi wa mashine kubwa za kuchapa, zile zenye urefu wa kitanda cha watu wawili, zinazotoa mabango na picha za kufunika ukuta. Ndani ya mashine hizo kuna vichwa, kila rangi na kichwa chake, vipande vidogo vinavyoenea kiganjani. Chini ya kila kichwa kuna matundu membamba kuliko unywele, nayo hutema wino tone kwa tone huku kichwa kikienda na kurudi juu ya karatasi au kitambaa. Wino ukikauka ndani ya matundu, kichwa kimeziba. Matundu yakilika kwa uzee, kichwa kimechoka. Kilichoziba kinatibika. Kilichochoka hakina dawa, isipokuwa kutoa na kuweka kingine. Feni amekula ujana wake wote akitofautisha mambo hayo mawili, na ukimwuliza ni kitu gani kinachoua vichwa vingi zaidi duniani, atakujibu bila kufikiri: "Upepo wa bure. Hewa kavu. Watu wanafungua madirisha kama wanakaribisha wageni."

Kazi hiyo aliianza zamani, katika chumba kirefu nyuma ya duka la viatu, palipokuwa na mashine kubwa ya kwanza kuonekana mtaani kwao. Watu walikuwa wakija kuchungulia tu. Mashine ilitoa sauti ya mtu anayefagia taratibu, na picha ikawa inashuka mbele kidogo kidogo, kwanza nywele, kisha paji la uso, kisha macho, na watazamaji wakabishana ni nani huyo kabla pua haijafika. Feni hakuwa na shati la kazi hata moja ambalo halikuwa na doa, na alijiona mtu mkubwa kweli kweli.

Aliyeiendesha mashine ile alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ya kusomea habari. Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, mashine huchapa karatasi ya jaribio: mistari mifupi iliyopangwa ikishuka hatua kwa hatua, kila tundu na mstari wake. Wao waliiita ngazi. Ngazi ikiwa nzima, kazi inaanza. Kipago kimoja cha ngazi kikikosekana, kuna tundu lisilotema. Msichana aliinua karatasi kwenye mwanga na kuisoma kwa sauti, na Feni, aliyekuwa ameinama chini ya mashine na bisibisi, akasikiliza.

"Nyeusi, nzima. Njano, nzima. Nyekundu, kimoja kimekatika kushoto. Buluu, nzima."

"Rudia nyekundu."

"Kimoja. Kushoto. Umeshasikia, fundi."

Alikuwa amesikia. Alitaka tu kuisikia tena ile sauti. Ikafika mahali mwenye duka akauliza mbona fundi anaingia kila siku kutengeneza mashine ambayo haijaharibika. Mwaka haukuisha, wakaoana. Mpaka leo mke wake hupenda kusimulia mbele ya wageni: "Huyu alikuwa anaombea kichwa kizibe. Kikikataa kuziba, anakuja kukisafisha hivyo hivyo." Naye Feni hutazama pembeni, hakatai.

Duka lile lilipofungwa, miaka mingi baadaye, Feni aliichukua mashine. Wenzake walimcheka, maana tayari zilishatoka mpya, nyepesi, zenye kasi. Aliiweka kwenye banda nyuma ya nyumba yake, akaziba kila ufa kwa matambara, na asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kutibu mashine za watu, aliiwasha hii ya kwake na kuchapa ngazi. Kazi haikuwa nayo nyingi. Aliitunza kama mtu anavyomtunza bibi yake aliyezeeka, kwa kuongea nayo na kuipangusa.

Siku ilipohitajika kweli, ilihitajika kwa ajili ya kitambaa cha baba.

Baba yake Feni alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka, na katika chumba cha mbele cha nyumba yao alikuwa na studio ya picha. Dada yake Feni alipozaliwa, yule baba alinunua kitambaa kipana cha pamba, akakitundika ukutani na kukichora kwa mkono: kibaraza chenye nguzo mbili, vyungu viwili vya maua, nyuma yake ziwa, nyuma ya ziwa milima, na juu ya yote anga kubwa la buluu linalochukua zaidi ya nusu ya kitambaa. Katika anga hilo alichora ndege mmoja. Alijua kuchora herufi, na nyuso alizimudu, lakini ndege walimshinda. Ndege yule alifanana na kandambili iliyorushwa.

Tangu hapo ikawa sheria ya familia. Mtoto akisimama mara ya kwanza bila kushika kitu, sharti picha yake ipigwe pale pale, mbele ya kitambaa. Dalili zikionekana, analetwa studio kila siku na kuwekwa karibu na kigoda, na mpiga picha anasubiri na kamera yake. Mtoto akiwahi kusimamia jikoni au uani, basi, imepita. "Kusimama kwa pili ni kuiga," baba yao alikuwa akisema, na hakuna mtoto wake aliyepitwa. Dada yake Feni yumo, mwembamba, na ngumi zimekunjwa. Feni yumo, mnene, mate yamefika kitovuni. Binti wa Feni yumo pia, katika picha ya rangi ambayo sasa imepauka na kuwa ya waridi. Mke wa Feni ndiye pekee asiyekuwemo, kwa kuwa aliingia kwa ndoa. Akijikwaa popote husema, "Niacheni. Mimi sikusimamia kwenye kitambaa chenu."

Studio ilirithiwa na Dada. Ndivyo wanavyomwita wote, hata wanaopaswa kumwita shangazi. Aliiendesha peke yake, akaihamishia kwenye chumba cha kupanga karibu na posta, mpaka magoti yalipoanza kumsumbua na watu walipoanza kujipiga picha wenyewe kwa simu. Akaamua kukirudisha chumba. Lakini alisema wazi kwamba hafungi kabla hajampiga picha mtoto mmoja zaidi.

Mtoto huyo ni mjukuu wa Feni, na jina lake nyumbani ni Bosi. Alipata cheo hicho kabla ya kuota jino, kwa sababu hanyooshi mkono kuomba kitu; hunyoosha kidole na kusubiri kitekelezwe. Mama yake, yule binti wa Feni, alikuwa amerudi kukaa kwa wazazi wake kwa muda, na nyumba nzima ilikuwa chini ya utawala wa kidole kile.

Asubuhi moja Bosi alishika ukingo wa meza ndogo ya sebuleni na kujivuta juu. Aliyumba, akacheka, akakaa. Mama yake alipiga simu studio mara hiyo hiyo. Dada alipokwenda kukishusha kitambaa kutoka juu ya kabati, alikikuta kimelowa. Bomba lililopita darini lilikuwa limevuja, nani ajuaye kwa muda gani. Alipokikunjua, vyungu viligandana na kubanduka, na anga lote lilikuwa na ukungu mweusi kama ngozi ya chui. Ndege alibaki bawa moja.

Dada hakulia kwenye simu. Alisema tu, "Njoo, mdogo wangu. Njoo na mkeo." Feni aliingia studio na, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya ukoo, hakuangalia upepo unatoka wapi.

"Tutakichapa," alisema.

"Kwenye yale maplastiki yenu yanayong'aa?" Dada aliuliza. "Nikipiga mwanga utarudi wote usoni kwangu."

"Kwenye pamba. Mashine yangu inakubali pamba. Wino wake ni wa maji."

"Ile ya makumbusho?"

"Ile ile."

Dada alileta boksi la picha, na kwa siku kadhaa binti alikaa mbele ya kompyuta, Bosi mapajani, akiunganisha kitambaa kizima kutoka kwenye vipande. Ilikuwa kazi ya akili, kwa maana kila mtoto amesimama mahali pake na kuficha kitu chake. Dada aliacha chungu cha kushoto kikionekana kizima, ila picha yake haina rangi. Feni kwa unene wake aliziba nguzo. Kilichofichwa na huyu kilitafutwa nyuma ya yule, na wakati wa kutafuta, wazee wawili waliinamia kioo kama wanachungulia kisima, wakasahau kabisa kwamba kuna kazi.

"Angalia ukuta ule. Pale ndipo mama alipokuwa akitundika koti lako," Dada alisema.

"Koti gani? Lile la kijani? Lilikuwa lako, mimi nililirithi na vifungo vimeisha."

"Chungu cha kushoto kilikuwa chekundu," Feni alisema baadaye.

"Rangi ya udongo," Dada alisema. "Chungu ni udongo."

"Dada, mimi nilikuwepo baba akikipaka upya. Nilimshikia kopo."

"Ulimshikia kopo! Ulikuwa unakula rangi, wewe. Mama alikukuta na mdomo wa buluu, akafikiri unakufa."

"Basi aliyeionja ndiye anayejua."

Wakaafikiana kwenye wekundu wa udongo, kila mmoja akiamini ameshinda. Binti alisogeza kipanya hadi juu kabisa ya anga.

"Baba, huyu ndege nimnyooshe kidogo? Bawa hili halikubaliani na mwili."

"Usimguse!" walipaza sauti pamoja, hata Bosi akashtuka.

Ndipo kazi ikafika bandani. Feni alifunga pamba pana kwenye mashine, akachapa ngazi, akaipata nzima isipokuwa nyeusi. Kichwa cheusi kilikuwa na matundu mawili yaliyochoka siku nyingi, lakini hayo aliyajua kama mtu anavyoyajua mapengo yake mwenyewe. Aliiambia mashine ipite polepole, mara nyingi mahali pamoja, ili matundu mazima yawafunike wagonjwa. Kisha akabonyeza, na ile sauti ya kufagia taratibu ikaanza. Anga lilishuka buluu, safi, laini. Ndege akatokea, kandambili kamili. Feni alitabasamu peke yake.

Mbele kidogo chini ya ndege, mstari mweupe mwembamba ulikata anga kutoka ukingo hadi ukingo. Halafu mwingine. Halafu buluu yote ikaanza kufifia kama shati lililofuliwa sana.

"Kimekauka," alisema, akazima.

Aliitibu buluu kama alivyotibu nyingine zote maishani. Alikunja karatasi laini, akailowesha maji ya kusafishia na kuilaza chini ya kichwa ili kilale juu yake. Akavuta wino kwa bomba la sindano, pole pole, bila kulazimisha, kwa sababu kichwa kikisukumwa kwa nguvu hupasuka ndani. Akafuta. Akapumzisha. Akachapa ngazi: buluu nzima. Akaanza anga upya, na katikati ya anga, mistari ile ile ya dhambi ikarudi.

Alizidisha dawa. Alitundika mataulo yenye maji kila pembe ya banda, akaongeza matambara kwenye nyufa, akafunga mlango kwa ndani, na joto likawa la kupikia wali. Kila akirudia, hali ilikuwa moja: asubuhi ngazi nzima, kazi ikianza vizuri, anga likipamba moto, mistari. Pamba ikaanza kuisha kwenye jora lake. Na jambo alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo likaja na kukaa naye humo bandani: labda hakijaziba. Labda kimechoka. Vichwa vya mashine ile havitengenezwi tena. Alikwishazunguka kwa mafundi wenzake wote akiulizia kimoja cha akiba, na wote walimwambia walishavitupa zamani, pole sana mzee, wewe bado unacho hicho?

Huku sebuleni, nyumba nzima ilikuwa ikipigana na miguu ya Bosi. Meza ndogo iliondolewa. Viti viligeuzwa vikatazama ukuta. Kila alipojivuta juu ya kitu, mtu aliruka kutoka alipokuwa na kumbeba. Alipokaa, walimpigia makofi.

"Hongera Bosi! Umekaa vizuri! Nani anakaa kama Bosi?"

Bosi aliwatazama kwa mashaka, kama kiongozi anayeshuku sifa za ghafla. Jioni Feni alipotoka bandani, shati limemganda mgongoni, alimkuta mjukuu ameshika goti la bibi yake, mkono mmoja tu, na ule mwingine uko hewani unapima. Feni alipiga magoti hapo hapo.

"Keti, mama. Keti, nakuomba. Kesho. Mpe babu kesho moja."

Bosi alikaa. Mke wa Feni akatikisa kichwa. "Babu gani huyu anayemsihi mjukuu wake asisimame?"

Alicheka akisema hivyo, lakini Feni hakucheka. Alikuwa akimfikiria dada yake, aliyekuwa tayari ameshapanga vitu vyake vyote kwenye maboksi na kuacha kamera moja juu ya miguu yake mitatu, ikitazama ukuta mtupu.

Asubuhi iliyofuata mke wake alimletea chai bandani. Alisukuma mlango kwa kiwiko.

"Funga!" Feni alisema kabla hajajua ni nani.

"Na wewe habari za asubuhi." Aliweka chai juu ya kopo, akajifutia jasho kwa upande wa kanga. "Humu ndani unafuga nini, mamba?"

Feni alirudi chini ya mashine. Sakafuni palitapakaa ngazi, za jana na za juzi, nyingine amezichapa asubuhi na nyingine kazi ikiwa imeshaharibika. Mke wake aliinama, akaokota moja. Ilikuwa miaka tele tangu ashike karatasi kama ile. Aliiinua kwenye mwanga wa mlango, akanyoosha mkono mbali kidogo kwa sababu ya macho, na bila kukusudia sauti ya zamani ikamtoka.

"Nyeusi, viwili vimekatika katikati. Njano, nzima. Nyekundu, nzima. Buluu... buluu vingi. Kulia, kulia, katikati."

Feni aliyekuwa ameinama chini ya mashine alitulia tuli. Kwa kitambo hakuwa bandani. Alikuwa nyuma ya duka la viatu, na nje watu wanabishana ile ni pua ya nani.

"Rudia buluu," alisema.

"Kulia, kulia, katikati. Umeshasikia, fundi." Akaokota nyingine. "Hii buluu, kushoto. Na huku chini." Akaokota ya tatu, kisha akazilaza zote tatu moja juu ya nyingine na kuziinua kwenye mwanga. "Mzee, hizi zote ni za mashine hii?"

"Za mashine hii."

"Kichwa kile kile cha buluu?"

"Kimoja tu. Kwani nina vingapi?"

"Basi mbona mapengo yanahama? Nyeusi hayajahama. Nyeusi yamekaa pale pale kwenye karatasi zote."

Feni alitoka chini ya mashine taratibu. Jambo hilo alilijua. Amelifundisha kwa mafundi wadogo mpaka wamelichoka: pengo lisilohama limeziba au limechoka, pengo linalohama si ugonjwa wa kichwa hata kidogo, ni kiu. Wino haufiki. Asubuhi baada ya kupumzika kuna wino wa kutosha kuchapa ngazi, ila anga kubwa linakunywa zaidi ya linacholetewa. Mwanafunzi wake yeyote angeliona. Yeye alikuwa amejaa hofu ya kichwa kuchoka kiasi kwamba kila karatasi aliyoiokota alihesabu vilivyopotea, akaitupa, wala hakuilinganisha na mwenzake.

Akaufuata mrija wa buluu kwa kidole, kutoka kichwani kurudi nyuma. Chujio, safi. Mrija, haujapinda. Akafika kwenye chupa ya wino, ubavuni mwa mashine, upande wa dirisha. Chupa ilikuwa imebonyea mbavu zake, imeingia ndani kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuitoa. Juu ya kifuniko kuna tundu dogo la kupitishia hewa, ili hewa iingie kadiri wino unavyotoka. Juu ya tundu hilo palikuwa na selotepu. Iliyobandikwa vizuri, ikakunjwa pembeni, ikapigwa na kidole gumba isiachie.

Aliibandua. Chupa ilitoa mlio, fyuuu, mbavu zake zikaruka nje.

"Nani aliiziba?" mke wake aliuliza.

Feni alikuwa anaikunja ile selotepu vidole vyake vinanata.

"Mzee. Nani aliiziba chupa?"

"Walikuwa wanachimba barabara," Feni alisema. "Vumbi lilikuwa linaingia dirishani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikafunga dirisha."

"Na?"

"Na chupa."

Mke wake alijaribu kujizuia, akashindwa. Alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka kanga ikamwanguka, akasema maneno yakikatika, "Umefunga madirisha ya watu... umemlowesha bwana harusi wa watu... mpaka chupa nayo umeinyima pumzi!" Binti akaja mbio na Bosi kiunoni, akifikiri mtu ameumia. Aliposimuliwa, naye akakaa chini. Bosi alimnyooshea babu yake kidole. Ndipo Feni mwenyewe alipoanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mabega, kisha mwili mzima, na akalifungua dirisha la banda kwa mikono yake miwili.

Pamba iliyobaki ilitosha kitambaa kimoja tu. Walisimama wote na kulitazama anga likishuka. Lilipofika chini ya ndege, pale lilipozoea kukatika, mke wake alimshika mkono, na buluu ikapita. Ikaendelea kupita. Milima ikaja, ziwa likaja, nguzo zikaja, na mwisho kabisa vyungu viwili vyenye wekundu wa udongo, au udongo mwekundu, kutegemea unamwuliza nani.

Mke wa Feni alikipinda kingo kwa cherehani. Siku hiyo hiyo walikipeleka studio karibu na posta, na Dada, magoti yake na yote, alikataa mtu mwingine kupanda juu ya kiti kukitundika. Aliposhuka alirudi nyuma hadi ukuta wa pili, akakiangalia kuanzia vyungu hadi angani. Kisha akasema, "Yule ndege. Jamani, yule ndege." Akafuta miwani yake, akaenda nyuma ya kamera.

Bosi aliwekwa mbele ya kitambaa, karibu na kigoda.

Sasa ikawa kinyume. Yule yule waliyekuwa wakimzuia kwa makofi, leo wanambembeleza, naye hana habari. Aliketi. Alitambaa hadi kwenye chungu cha kushoto na kujaribu kukinyanyua kwenye pamba. Alilala chali, akakiangalia kidole chake. Bibi yake alimwimbia. Babu yake alitambaa mbele yake kwa magoti akisimama na kuanguka, kumwonyesha, na Dada akamwambia, "Wewe picha yako ninayo tayari, toka hapo." Walirudi siku iliyofuata, na nyingine. Fundi cherehani aliyekuwa akingoja kukipanga chumba hicho baada ya Dada alipita kuchungulia, akaambiwa subiri, akauliza asubiri nini, wakamwonyesha mtoto. Akaweka mkoba wake chini, akasubiri naye.

Leo alasiri Bosi ameshika kigoda kwa mikono miwili na kujivuta juu. Miguu inatetemeka. Amewatazama mmoja mmoja: mama yake aliyejiziba mdomo, bibi yake aliyeacha kuimba, babu yake aliyechuchumaa na mikono imetangulizwa mbele tayari kudaka. Ameachia mkono wa kulia. Ule wa kushoto bado uko kwenye kigoda, vidole vitatu, sasa viwili.

"Mtu asipumue," Dada ananong'ona, kidole chake kikiwa juu ya kitufe.